Miaka mia ya kulilinda jani la hindi: kutoka Amani hadi Naivasha

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, katika kituo cha utafiti cha Amani, ndani ya misitu ya Usambara Mashariki, mtaalamu mmoja wa magonjwa ya mimea alikuwa na kazi iliyotaka mkono usiotetemeka. Aliwachukua wadudu wadogo, kila mmoja mfupi kuliko punje ya mchele, waliokuwa wamelishwa majani ya mahindi yenye ugonjwa wa milia. Akawatoboa tumbo kwa ncha ya sindano nyembamba mno, akawahamishia kwenye miche mizima, kisha akasubiri. Baada ya siku kadhaa majani machanga yakaanza kufunguka yakiwa na mistari ya njano iliyokatikakatika, imepangana sambamba na mishipa ya jani toka shinani hadi nchani.

Mtaalamu huyo aliitwa Harold Storey. Mdudu wake, Cicadulina mbila, ni wa jamii ya vipanzi wanaorukaruka juu ya majani na kufyonza utomvu. Miaka michache kabla, akiwa Afrika Kusini, Storey alikuwa amethibitisha kwamba kipanzi huyo ndiye anayesambaza virusi vya milia. Huku Amani akakutana na jambo la ajabu zaidi: wapo vipanzi wa aina hiyo hiyo wanaonyonya jani gonjwa siku nzima na wasiambukize hata mche mmoja. Alipowazalisha kizazi baada ya kizazi, aliona kwamba uwezo wa kuambukiza unarithiwa. Sindano ikamwonyesha sababu. Kwa wale wasioambukiza, virusi vilikwama ndani ya utumbo. Utumbo ukitobolewa, vilipenya, na mdudu akageuka mwambukizaji.

Ukuta mwembamba, usioonekana kwa macho, ambao mtoto huurithi kwa mzazi. Wazalishaji wa mbegu za mahindi wamekuwa wakitafuta kitu kinachofanana na huo tangu wakati ule, safari hii ndani ya mmea wenyewe. Wameupata mara nyingi. Mara nyingi pia wameuona ukibomoka, wakaanza upya. Kwa familia ya Mbeya, Bomet au Masindi inayotegemea ugali, kazi hiyo ndiyo tofauti kati ya ghala lililojaa na ghala tupu.

Jiko la mmea

Mkulima huhesabu magunia siku ya kuvuna, lakini hesabu yenyewe huwa imeshafanyika wiki nyingi kabla, juu ya majani. Jani ndilo jiko la mmea. Sehemu kubwa ya sukari inayojaza punje hutoka katika jani lililo ubavuni mwa hindi na yale yaliyo juu yake. Ugonjwa ukiyakausha majani hayo wakati mbelewele zimeshatoka na punje zinaanza kujaa maziwa, mmea hukosa pa kupata chakula. Huanza kunyonya akiba iliyomo kwenye bua. Bua hubaki dhaifu, na upepo wa kwanza wenye nguvu hulilaza. Mkulima hapo amepoteza mara mbili: magunzi yana mapengo, na shamba limelala chini.

Anayepita shambani kwa makini anaweza kuyatambua magonjwa hayo bila hadubini. Kutu hutoa vijipele vya rangi ya udongo mwekundu; ukipitisha kidole, unga wake unabaki mkononi. Bakajani huacha madoa marefu ya kijivu na kahawia, mapana katikati na membamba kwenye ncha, mfano wa sigara. Madoa ya kijivu ni vistatili vyembamba vilivyobanwa katikati ya mishipa ya jani, kana kwamba vimechorwa kwa rula. Milia ni ile ya njano aliyoiona Storey. Na ugonjwa mpya kuliko yote, MLN, hulikausha jani kutoka kingoni kuelekea ndani, huku moyo wa mmea ukifa.

Kwa magonjwa ya ukungu zipo dawa za kupulizia. Lakini mwenye ekari moja au mbili anapojumlisha bei ya dawa, bomba la mgongoni, maji ya kubeba na siku za kurudia kupulizia, faida ya mahindi huisha kabla hayajavunwa. Kwa magonjwa ya virusi hakuna dawa kabisa. Mmea ukishaugua umeugua. Kinga inayomfikia kila mkulima, tajiri na maskini, ni ile inayokuja ndani ya punje anayoifukia ardhini.

Mgeni na maadui zake

Mahindi si zao la asili la Afrika. Yalitoka Amerika na kufika pwani zetu katika enzi za Wareno, karne ya 16. Yalipoanza kulimwa huku, yalimkuta adui ambaye hayajawahi kukutana naye. Virusi vya milia ni vya Afrika. Viliishi kwenye nyasi za porini, na vipanzi wakavihamisha kutoka kwenye nyasi kwenda kwenye zao jipya. Mwaka 1901 Claude Fuller alieleza kwa mara ya kwanza dalili zake kwenye mahindi ya Natal, Afrika Kusini. Hadi leo ugonjwa huo ni wa bara hili na visiwa jirani vya Bahari ya Hindi; wakulima wa Marekani hawaujui.

Magonjwa mengine yalifuata njia tofauti. Yalibaki Amerika, kisha baada ya karne nyingi yakavuka bahari kumfuata mwenyeji wake wa zamani.

Kuzalisha mbegu inayohimili milia kulikuwa na ugumu wake. Ugonjwa huo hauna ratiba: msimu mmoja unafagia mashamba, msimu unaofuata hauonekani. Mtafiti anayetegemea maambukizi ya asili anaweza kuusifu mmea kwa nguvu usizokuwa nazo, kumbe haukung'atwa tu. Storey, aliyekuwa amehamia Muguga karibu na Nairobi pamoja na shirika la utafiti la Afrika Mashariki, alichapisha mwaka 1967, akiwa na Anne Howland, matokeo yaliyoonyesha jinsi ukinzani dhidi ya milia unavyorithiwa katika mahindi. Katika miaka ya 1970, kituo cha utafiti cha IITA kilichoko Ibadan, Nigeria, kikapata njia ya kuondoa bahati nasibu hiyo. Vipanzi walifugwa kwa wingi kwenye vizimba, wakalishwa majani yenye virusi, kisha wakapelekwa shambani na kuwekwa kwenye kila mche. Hakuna mche uliosalimika kwa kubahatisha. Ulioendelea kuwa kijani ulikuwa umeonyesha nguvu zake wenyewe. Mwaka 1986 kazi hiyo iliipatia IITA tuzo ya King Baudouin.

Matunda yake yalionekana mapema Tanzania. Mbegu ya Staha, iliyotolewa mwaka 1983, ilisifika kwa kustahimili milia. Mwaka 1987 ikafuata TMV-1, mbegu ya muda wa kati inayokinzana na ugonjwa huo. Mwaka 1999 Denis Kyetere wa Uganda na wenzake wakaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kinga hiyo inakaa mahali pamoja katika kromosomu ya kwanza ya mahindi. Kilichoanza na sindano ya Amani kilikuwa sasa na anwani.

Kutu iliyovuka bara

Kabla ya hapo kulikuwa na hofu nyingine. Mwaka 1949 kutu ya kitropiki, inayoitwa na wataalamu Puccinia polysora, ilionekana Sierra Leone. Mbegu za ukungu huu ni nyepesi na husafiri na upepo. Ndani ya miaka michache ilikuwa imelivuka bara zima na kufika Kenya na Tanganyika, kisha visiwa vya Bahari ya Hindi. Mahindi ya Afrika yalikuwa yameishi takriban miaka 400 mbali na kutu hiyo, na kinga ya mababu ilikuwa imepungua kwa kutotumika. Mashamba ya ukanda wa joto yakageuka rangi ya kutu.

Pale Muguga, Storey na Howland walifanya kile ambacho mtafiti yeyote angefanya: walirudi alikotoka adui. Waliagiza mbegu za mahindi kutoka Amerika ya Kati na kwingineko, wakazijaribu moja baada ya nyingine, na wakapata jeni mbili zenye nguvu, wakaziita Rpp1 na Rpp2. Mmea wenye jeni hizo ulibaki na vidoa vidogo tu. Furaha ilikuwa fupi. Haukupita muda mrefu kabla ya kuonekana aina mpya ya kutu ambayo Rpp1 haikuweza kuizuia.

Wakati huo huo, jambo kubwa zaidi lilikuwa likitokea kwenye mashamba ya kawaida, bila maabara wala ruzuku. Wakulima wa wakati ule walipanda mahindi ya kienyeji yanayochavushana yenyewe kwa upepo, na kila mmoja alijiwekea mbegu kutoka kwenye masuke mazuri. Mimea iliyougua sana haikutoa suke la kuhifadhi. Iliyougua kidogo ilitoa. Masuke hayo yakapandwa, yakachavushana, yakachaguliwa tena msimu uliofuata. Nguvu kidogo za mmea huu ziliungana na nguvu kidogo za mmea ule, hadi baada ya misimu kadhaa kutu ikapoteza makali yake. Raoul Robinson, mtaalamu aliyefanya kazi Kenya, aliusimulia mkasa huo kwa miaka mingi kama ushahidi kwamba kinga inayodumu inaweza kujengwa hata pale ambapo hakuna jeni moja kubwa ya kuishika.

Hapo ndipo ulipo mgawanyiko ambao kila mzalishaji wa mbegu anaufahamu, na ambao J. E. van der Plank wa Afrika Kusini aliupa msingi wa kinadharia katika miaka ya 1960. Kuna kinga ya jeni moja, mfano wa bawabu mmoja shupavu mlangoni: akimtambua adui, hapiti mtu, adui akibadili sura, nyumba nzima iko wazi. Na kuna kinga ya jeni nyingi ndogo ndogo. Hii haizuii ugonjwa usiingie, bali huuchelewesha: madoa machache, madogo, yanayochukua muda mrefu kukua, hadi punje zinakuwa zimeshajaa. Ya kwanza ni rahisi kuzalisha na inapendeza machoni. Ya pili inachosha, inachukua miaka, na hudumu.

Somo la mwaka 1970

Marekani ililipa gharama kubwa kulijua hilo. Kwa kawaida, ili kupata mbegu chotara, mbelewele za mimea ya kike lazima zikatwe kwa mkono kabla hazijamwaga chavua, kazi inayohitaji jeshi la vibarua. Kampuni za mbegu za Marekani zikapata aina ya mahindi iliyogunduliwa Texas ambayo mbelewele zake hazina chavua hai. Kazi ya kukata ikaisha. Kufikia mwaka 1970 zaidi ya asilimia 80 ya mahindi ya nchi ile yalikuwa yamebeba urithi huo mmoja.

Wataalamu wa Ufilipino walikuwa wametoa taarifa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba mahindi ya namna hiyo yanashambuliwa vibaya na bakajani ya kusini. Taarifa yao haikuzuia kitu. Kiangazi cha mwaka 1970 aina mpya ya ukungu huo ilianza majimbo ya kusini na kupanda kaskazini, ikisaidiwa na mvua na joto. Sumu yake ililenga hasa kile kilichoyafanya mahindi hayo yakose chavua. Marekani ilipoteza karibu asilimia 15 ya mavuno yake ya mahindi, hasara ya takriban dola bilioni 1. Nchi tajiri ilinunua chakula kingine na kubadili mbegu kwa misimu miwili. Nchi ambayo mahindi ndiyo mlo wa asubuhi, mchana na jioni isingekuwa na njia hiyo.

Ukungu wa nyanda za juu

Kwenye milima ya Afrika Mashariki, kwenye ubaridi na umande mwingi, adui mkubwa ni bakajani ya kaskazini. Ilielezwa kwa mara ya kwanza Italia mwaka 1876 na sasa iko karibu kila mahali mahindi yanapolimwa kwenye unyevu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 iliilipukia Uganda na kuyakausha mashamba ya mbegu iliyokuwa ikitegemewa, Kawanda Composite A. Adipala Ekwamu wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake waliufuatilia ugonjwa huo shamba kwa shamba, na mwaka 1991 kituo cha Namulonge kikatoa Longe 1, mbegu ya kwanza katika ukoo ambao jina lake bado liko midomoni mwa wakulima wa Uganda.

Dhidi ya bakajani hii pia zipo jeni mabawabu. Moja inaitwa Ht1. Ilianza kutumika Marekani katika miaka ya 1960, na katika miaka ya 1970 ukungu unaoweza kuipita ulikuwa umeshaonekana. Nyingine, Htn1, ilitolewa kwenye mahindi ya kienyeji ya Mexico yaitwayo Pepitilla na mtafiti wa Afrika Kusini, Olaf Gevers, aliyeieleza mwaka 1975. Ilichukua miaka 40 hadi wanasayansi walipoichambua kikamilifu mwaka 2015. Walikuta kwamba jeni hiyo hutengeneza protini inayokaa kwenye utando wa seli, ikipeleka ishara ndani pindi inapohisi uvamizi.

Madoa ya kijivu yalikuja baadaye. Yalielezwa Illinois, Marekani, katikati ya miaka ya 1920, yakaonekana KwaZulu-Natal mwaka 1988, na katikati ya miaka ya 1990 yalikuwa Kenya na nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Ukungu wake hulala kwenye mabua yaliyoachwa shambani na kuamka na mvua zinazofuata. Kwa hiyo anayepanda mahindi juu ya mahindi kila mwaka anauandalia kitanda. Watafiti wa Uyole, Mbeya, waliipeleka kazi yao huko huko kwenye ukungu na baridi, na mahuluti yao ya UH615 na UH6303 yakawa miongoni mwa yale yaliyotegemewa na wakulima wa nyanda hizo.

Mwaka 2006 kukatokea jambo lililopaswa kumshtua kila anayeamini kwamba mbegu nzuri huko ni mbegu nzuri hapa. Wataalamu waliouchunguza ukungu wa madoa ya kijivu walithibitisha kwamba kumbe ni aina mbili tofauti, na ule wa Afrika ukapewa jina lake, Cercospora zeina. Mbegu inayoshinda Illinois ilishinda mpinzani mwingine. Kinga ya mahindi ya Njombe lazima ijaribiwe Njombe.

Mwaka 2009 Godfrey Asea wa Namulonge na wenzake walichapisha utafiti uliolikabili tatizo kama mkulima anavyolikuta, yaani magonjwa yote kwa pamoja. Walifuatilia vipande vya kromosomu vinavyotoa kinga dhidi ya milia, bakajani na madoa ya kijivu, wakionyesha kuwa vinaweza kutambuliwa na kukusanywa kwenye mmea mmoja. Shambani hakuna ugonjwa unaosubiri zamu yake.

Mfuko wa karatasi asubuhi

Kukusanya huko hufanyika kwa mkono. Asubuhi, umande ukishakauka, wahudumu wa kituo cha utafiti huingia kati ya mistari ya mahindi wakiwa na aproni zenye mifuko ya karatasi. Siku chache kabla wamevifunika vitoto vya hindi kwa vifuko vidogo, ndevu zikiwa bado hazijachomoza, ili chavua ya upepo isiwahi. Jioni iliyopita wamezifunika mbelewele za baba waliyemchagua. Sasa mfuko wa mbelewele unatikiswa. Vumbi la njano linashuka. Mfuko unavuliwa upesi, unafunuliwa juu ya ndevu za mama, unafungwa hapo hapo kwa pini, na tarehe inaandikwa kwa kalamu. Mkono ukichelewa, chavua ya jirani inaingia na kazi ya msimu mzima inaharibika.

Hilo ni tendo la dakika moja. Kinachofuata ni miaka. Ili kupata nasaba safi, yaani mimea inayozaa watoto wanaofanana nayo kwa kila kitu, mmea huchavushwa kwa chavua yake wenyewe kwa vizazi sita hadi vinane. Kila kizazi huambukizwa ugonjwa kwa makusudi, na watafiti hupita mstari kwa mstari na daftari wakitoa alama. Mimea inayougua inang'olewa. Nasaba mbili safi zikioanishwa, hutoa chotara, nayo hujaribiwa kanda kwa kanda kabla ya kuruhusiwa kuuzwa.

Tangu mwaka 2013 kuna njia ya mkato. Huko Kiboko, kaunti ya Makueni nchini Kenya, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, CIMMYT, na taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, ambayo leo ni KALRO, walifungua kituo cha kuzalisha nasaba safi kwa misimu miwili hivi. Chavua ya mahindi maalumu humwagwa kwenye mmea wa mama, na baadhi ya punje zinazotokea hubeba urithi wa mama peke yake. Punje hizo hutambuliwa kwa jicho: utosi una rangi ya zambarau, lakini kiini ni cheupe. Wafanyakazi hukaa mezani wakizitenga moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Miche yake ikitiwa dawa ya kolchisini, urithi huo mmoja hujirudia ukawa jozi, na nasaba imekamilika.

Bomet, Septemba 2011

Haraka hiyo ilihitajika. Mnamo Septemba 2011, wakulima wa Bomet katika Bonde la Ufa la Kenya waliona mahindi yao yakikauka yakiwa bado machanga. Wengine walidhani ni ukame, wengine mbolea mbovu. Anne Wangai na wenzake wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya walitambua kuwa ni MLN, ugonjwa unaotokea virusi viwili vinapokutana ndani ya mmea mmoja. Kila kimoja peke yake hudhuru, vikiungana huua. Ulikuwa umeelezwa Kansas, Marekani, katika miaka ya 1970, na Afrika Mashariki haikuwa na mbegu iliyoandaliwa kuukabili.

Mwaka 2012 ulikuwa umefika Tanzania na Uganda. Mwaka 2013 Rwanda na Kongo. Mwaka 2014 Ethiopia. Kwa mwaka 2013 pekee, hasara ya Kenya ilikadiriwa kuwa karibu tani nusu milioni za mahindi. Kwenye mashamba yaliyoshambuliwa mapema, hindi lililomenywa lilikuwa gunzi tupu.

Septemba 2013, miaka miwili tu baada ya Bomet, kituo cha kupima mbegu dhidi ya MLN kilifunguliwa Naivasha kwenye eneo la KALRO. Huko virusi huoteshwa kwenye mimea ndani ya nyumba maalumu, majani husagwa, na mchanganyiko hupuliziwa mistari yote. Baada ya wiki chache alama hutolewa: 1 kwa mmea usio na dalili, 9 kwa mmea uliokufa. Kampuni binafsi na taasisi za serikali za nchi mbalimbali zilipeleka mbegu zao, na matokeo ya mwanzo yalitisha. Sehemu kubwa mno ya mbegu zilizokuwa sokoni ziliangukia upande wa vifo.

Msaada ulitoka mbali. Nasaba za KS23 kutoka Thailand zilibaki kijani katikati ya mistari iliyokauka, na wataalamu wakapata katika kromosomu ya sita chanzo kikuu cha nguvu zake. Urithi huo ukaanza kuhamishiwa kwenye mahindi meupe yanayopendwa na walaji wa ukanda huu. Uganda ilitoa chotara UH5354, inayojulikana madukani kwa jina la Bazooka. Kenya ikatoa zake. Katika miaka ya karibuni MLN imerudi nyuma, kwa sababu ya mbegu hizo, kwa sababu ya ukaguzi wa mashamba ya kuzalishia mbegu, na kwa sababu wakulima wengi walijifunza kupumzisha shamba kwa maharage au viazi.

Mahali kazi inapokwama

Kazi hiyo yote huishia kwenye kaunta ya duka la pembejeo. Hapo mkulima huuliza mbegu aliyoizoea. H614D ilitolewa Kenya mwaka 1986 na bado inauzwa. Ni mbegu iliyolisha watu wengi na inastahili heshima yake. Lakini magonjwa yaliyoko shambani leo si yote yaliyokuwepo ilipozalishwa. Muuza duka huagiza kinachoulizwa, mkulima huuliza anachokijua, na mbegu mpya yenye kinga ya miaka kumi ya jasho hukaa kwenye rafu ya juu ikisubiri.

Tatizo la pili ni mbegu bandia. Mahindi ya kula yakipakwa rangi na kutiwa kwenye pakiti nzuri, mkulima hupoteza msimu, kisha huilaumu mbegu halisi ambayo hakuipanda kamwe. Wasimamizi wa ubora wa mbegu, TOSCI nchini Tanzania na KEPHIS nchini Kenya, wameweka lebo za kukwangua zenye namba ya kuhakiki kwa ujumbe wa simu. Kukwangua lebo kabla ya kulipa huchukua muda mfupi kuliko kuhesabu chenji.

La tatu liko juu ya uwezo wa mkulima. Vituo kama Uyole, Ilonga, Namulonge na Kitale ndivyo vinavyoziona aina mpya za magonjwa kabla hazijasambaa, na ndivyo vinavyotunza nasaba ambazo leo hazina soko lakini kesho zinaweza kuokoa nchi, kama KS23 ilivyookoa. Kuzipanda upya nasaba hizo, kuwalipa wahudumu wanaoshika mifuko ya karatasi, kuwasha majokofu ya mbegu: hayo yote ni matumizi ya kila mwaka, na hayawezi kutegemea miradi ya wafadhili ya miaka mitatu mitatu. Wabunge wanaopitisha bajeti za kilimo waviulize vituo hivyo vinapata nini, na waulize kabla ya ugonjwa kufika, kwa sababu Bomet ilionyesha kwamba baada ya hapo muda hautoshi.

Msimu ujao, kabla ya kufungua pakiti, mkulima asome jina la mbegu na amuulize bwana shamba inahimili magonjwa gani katika kanda yake. Mbelewele zikitoka, apite shambani na kutazama jani lililo ubavuni mwa hindi, lile na yale ya juu yake. Akiona madoa au milia ambayo hajaizoea, achukue jani hilo, aliweke kwenye karatasi kavu na kulipeleka kwa afisa ugani siku hiyo hiyo. Longe 1 ilizaliwa baada ya watafiti kufuatilia majani yaliyokauka Uganda, na kituo cha Naivasha baada ya wakulima wa Bomet kuonyesha yao.